Kabla Hujamnunulia Mkeo Bastola kwa Siri

Tulipotimiza miaka 10 ya ndoa nilimnunulia mke wangu bastola bila kumwambia. Tunaishi Houston, Texas, upande wa Alief. Mimi ni dereva wa malori ya masafa marefu, kwa wiki nalala nyumbani siku mbili. Siku zinazobaki mama watoto yuko peke yake na watoto wawili, na mwezi mmoja kabla ya hapo nyumba ya jirani ilikuwa imevunjwa usiku. Nikaingia dukani, na baada ya dakika 40 nikatoka na rivolva (bastola ambayo risasi hukaa kwenye silinda inayozunguka) ndogo ya risasi 5, nyepesi kama simu mbili, mpini rangi ya waridi. Muuzaji alinihakikishia kwamba wanawake wanazipenda sana. Nililipa dola 430, kodi mbali.

Tulikwenda renji, uwanja wa kupigia shabaha, Jumamosi yake. Alipiga risasi mbili tu. Ya pili ilipotoka aliiweka mezani taratibu, mdomo ukiangalia shabaha kama alivyofundishwa, akarudi nyuma hatua tatu. Tulipotoka nje ya mlango wa vioo akavua viziba masikio akanionyesha mkono. Ngozi ya katikati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa nyekundu kama aliyeshika sufuria ya moto. Akaniambia, "Baba, asante kwa moyo wako, lakini hii sitaishika tena." Na kweli hakuishika. Nilipoirudisha dukani wakanipa dola 250, kwa sababu bastola ikishauzwa, hata kama imepigwa risasi mbili, imekuwa mtumba.

Tangu hapo rafiki zangu wanne, wote Waswahili wa huku, wamenipigia kuniuliza swali lile lile: nimchukulie mke wangu ipi? Mmoja aliulizia ya mume wa dada yake. Hapa nawaandikia wengine mlio mbioni kuingia dukani.

Kwanza kabisa, ujue kama anaitaka. Siongelei kuitaka kwa mdomo tu. Kuna mtu akiwa na bastola ndani ya nyumba hapati usingizi, na kuna mtu bila hiyo hapati usingizi. Huna haja ya kuharibu siri ili kulijua hilo. Habari ya uvamizi ikitokea kwenye televisheni, muulize angefanya nini, kisha unyamaze umsikilize. Au mtumie shemeji yako. Dada wa mkeo anajua mengi ambayo wewe huyajui. Akisema "mimi chuma kile sikitaki karibu na wanangu," basi mnunulie kitu kingine, ongeza kamera na komeo la mlango, yameisha.

Angalia pia hali ya nyumba. Hili naliandika kwa uzito kuliko yote. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa risasi, na kati yao 26,328 walijipiga wenyewe. Zaidi ya nusu. Kama mwenzio amejifungua juzi na analia bila sababu, kama kuna msiba mzito, kama yeye au wewe mmeshawahi kufikiria kujidhuru, au kama ugomvi wenu umewahi kufika kwenye mikono, huu si mwaka wa zawadi hii. Mama mkwe wangu alipofariki, nyumba yetu iliingia giza. Wakati huo tulikuwa na bastola ya pili, ile ya sasa. Niliichukua nikaipeleka kwa kaka yangu anayeishi Katy, ikakaa kwenye sefu yake miezi 7. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyeniambia niipeleke. Na namba 988 ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua, ya kupiga au kutuma ujumbe, inayofanya kazi nchi nzima saa 24, iwe kwenye simu zenu wote wawili.

Sasa sheria, na hapa sisi tuliokuja tuna mambo yetu ambayo mzaliwa wa hapa hayamhusu.

Sheria ya serikali kuu inamruhusu mtu kununua bastola na kumpa mwingine zawadi, mradi anayepokea hana kizuizi chochote cha kisheria cha kumiliki silaha. Dukani utajaza fomu inayoitwa 4473. Inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukinunua kwa hela yako ili umpe mkeo zawadi ya kweli, wewe ndiye mnunuzi halisi na unajibu ndiyo bila hofu. Lakini mwenzio akikupa hela ukamnunulie, hiyo si zawadi tena, hata kama mnalala kitanda kimoja. Kuna kesi ya Bruce Abramski, aliyewahi kuwa polisi Virginia. Mjomba wake alimtumia hundi ya dola 400, naye akamnunulia bastola ya Glock 19 na kujaza fomu kwamba mnunuzi ni yeye. Mjomba na mpwa wote walikuwa wasafi, hakuna aliyezuiliwa kumiliki silaha. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilithibitisha kosa lake kwa kura 5 kwa 4. Mwaka 2022 Bunge likaongeza sheria nyingine: ukimnunulia mtu unayejua amezuiliwa, kifungo kinaweza kufika miaka 15.

Nani amezuiliwa? Aliyepatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai, aliyehukumiwa kwa kumpiga mwenza hata kama kosa lilihesabiwa dogo, anayetumia dawa za kulevya. Bangi imo, na fomu yenyewe inakutahadharisha kwamba ruhusa ya jimbo lako haibadilishi kitu. Lakini linalotugusa zaidi ni viza. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi ya H-1B au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi. Kuna mlango mwembamba wa wenye leseni ya uwindaji. Usiupite bila wakili. Mwenye green card anaruhusiwa kununua na kupewa. Kwa hiyo, kama mkeo amekuja juzi na karatasi zake bado zinashughulikiwa, mlete kwanza wakili wa uhamiaji mezani, bastola baadaye. Na hata mwenye green card ajue kwamba hatia ya kosa la silaha ni mojawapo ya mambo yanayoweza kumfukuzisha nchini. Nimeona mtu akiweka rehani miaka 15 ya maisha yake kwa begi alilosahau kulikagua kabla ya kwenda uwanja wa ndege.

Majimbo hayafanani. Hapa Texas huhitaji kibali cha kununua. Ukiwa Minnesota, walikojaa ndugu zetu wa Kenya, bastola dukani inataka kibali cha kununulia. Illinois anayemiliki anatakiwa awe na kadi yake ya FOID, kitambulisho cha mwenye silaha. Massachusetts, New York na New Jersey leseni au kibali kinatangulia. California kuna siku 10 za kusubiri. Ukiishi huko, siri ya kumfungulia sanduku sebuleni haiwezekani kisheria, au ni ngumu kiasi cha kutokuwa na maana. Na kwa sheria ya serikali kuu, umri wa kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21.

Jambo dogo linaloangusha wengi: kitambulisho chako kiwe na anwani unayoishi leo. Sisi tunahama apatimenti kila baada ya mwaka. Rafiki yangu mmoja alirudishwa kwenye kaunta kwa sababu leseni yake ya udereva ilikuwa bado ina anwani ya nyumba aliyohama.

Tukishayamaliza hayo, swali la kujiuliza ni bastola italala wapi. Hili ndilo nililoliruka mimi. Nilikuwa na picha ya mke wangu akiwa na kitu kidogo ndani ya mkoba. Lakini mke wangu ni nesi, zamu yake ni ya usiku, na kazini kwake silaha haiingii. Ingebaki ndani ya gari kwenye maegesho kwa muda wa saa 12 nzima, na gari lililoegeshwa ndipo wezi wanapookota bastola. Kwa hiyo ya kwake ilikuwa ni ya nyumbani tu. Na bastola ya nyumbani haina sababu ya kuwa ndogo. Udogo ni gharama unayoilipa ili uifiche chini ya nguo. Kama huifichi, unalipia nini?

Maana watu wanadhani mkono mdogo unataka bastola ndogo, na ni kinyume chake. Risasi ile ile ikitoka kwenye chuma chepesi, chuma kinarudi nyuma kwa nguvu zaidi; ikitoka kwenye chuma kizito, uzito unameza teke. Rivolva niliyomnunulia ilikuwa na gramu 400 na kidogo. Isitoshe, triga (kifyatulio) ya rivolva ya namna ile inataka nguvu ya kama kilo 5 kuivuta mpaka mwisho, wakati bastola nyingi za magazini, yaani za kasha la risasi linalochomekwa kwenye mpini, ni kama nusu yake. Mtu anavuta, mkono unatetemeka, risasi inakwenda kushoto chini. Nilikuwa nimemnunulia bastola ngumu kuliko zote dukani kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri.

Kuhusu risasi yenyewe sitasema mengi: 9mm. Inapatikana kila duka, bei yake ni nafuu kuliko nyingi, na bila mazoezi zawadi hii haina kazi. Kama vidole au viganja vinauma, .380 inapiga teke laini zaidi, au aanzie na .22 kujifunza bila kuogopa kelele.

Sasa mkono. Miezi baada ya ile rivolva nilimpeleka renji nyingine inayokodisha bastola za kujaribia. Mwalimu alikuwa mama wa makamo. Hakumuuliza mke wangu anapenda ipi. Alimwomba amwonyeshe viganja. Kisha akachukua bastola, akatoa magazini, akavuta slaidi, lile chuma la juu linaloteleza, akachungulia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, akatia ncha ya kidole kidogo kuhakikisha ni tupu, akampa mke wangu naye achungulie. Ndipo akamwekea mkononi.

Alichoangalia ni kitu kimoja: mtutu unyooke na mfupa wa mkono, kutoka kiwiko hadi mdomo wa bastola mstari mmoja, na hapo nyama ya ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kuhangaika. Kama mtu analazimika kuzungusha mpini kiganjani ili kidole kifike, ule mpini ni mnene mno kwake. Kama kidole kinapitiliza mpaka kwenye kiungo, ni mwembamba mno. Mke wangu alishika tano. Mbili alizungusha mpini bila kujua, mwalimu akazirudisha kabatini kimya kimya.

Kisha kukoki, yaani kuvuta slaidi ili risasi iingie kwenye chemba. Wengi husema wanawake hawawezi kukoki bastola ya magazini, ndiyo maana wanauziwa rivolva. Mke wangu alivuta slaidi kwa kidole gumba na cha shahada, ikagoma. Mwalimu akamsogezea bastola karibu na kifua, mdomo ukiangalia mbele, akamwambia afunike slaidi kwa kiganja kizima cha kushoto, aishike imara pale ilipo, halafu mkono wa kulia ndio usukume mpini kwenda mbele. Usivute, sukuma. Ikafunguka mara ya kwanza. Akageuka akanitazama, na lile tabasamu sikuwa nimeliona siku nilipompa sanduku.

Alipiga tatu siku ile: Glock 19, SIG Sauer P365 na Smith & Wesson Shield EZ ya 9mm. Mimi moyoni nilishachagua P365, kwa kuwa kila niliyemuuliza aliisifu. Ni bastola iliyoundwa kufichwa, kwa hiyo ni fupi, na mkononi mwake iliruka. Glock ilitulia lakini mpini ulimjaa kiganja. Ile EZ ndiyo aliyoirudia. Slaidi yake imetengenezwa iwe laini kuvuta, magazini inaingia risasi 8 na ina kitufe cha pembeni cha kuisaidia springi ishuke, vidole haviumii unapojaza. Mwalimu alimwambia mkono wa kushoto ukamate kwa nguvu. Mimi nikamwongezea kwa Kiswahili: "Kamua kama unakamua tui." Matundu matano yaliyofuata yangefunikwa na kisahani cha kikombe.

Hatukuinunua siku hiyo. Tulirudi mara mbili zaidi, akapiga nyingine, akaikuta EZ bado ndiyo yake. Tulilipa dola 460. Kukodi, risasi na mwalimu kwa siku zote tatu kulitugharimu kama dola 210, na mtu atakayeona hizo ni nyingi akumbuke hasara yangu ya ile ya waridi.

Kwa hiyo ukiniuliza siri iwekwe wapi, nitakwambia iweke kwenye mwaliko, bastola achague mwenyewe. Sanduku la zawadi ninalolipendekeza lina viziba masikio vizuri vya kikombe (mlio wa bastola unapita desibeli 140, na sikio likiharibika halirudi), miwani ya kukinga macho, karatasi ya siku ya renji na mwalimu iliyokwishalipiwa, kadi ya zawadi ya duka yenye kiasi chote cha bastola, na sefu ndogo ya kufungulia kwa namba. Kamwandikie kwa mkono wako kwa nini umemfikiria. Atafungua, ataelewa, atakuwa na la kusema. Tena kwa njia hii fomu anaijaza yeye, bastola ni yake tangu kwenye kaunta, na swali la nani mnunuzi halisi halina pa kukaa.

Mwalimu mtafutie asiye mume wake. Nimejaribu kumfundisha mke wangu kuendesha gari, najua ninachosema. Kabla ya kulipia, muulize kwa upole kama kuna uwezekano ana mimba, au kama ananyonyesha. Renji ina vumbi la risasi, ile madini, na mama mjamzito hafai kulivuta. Kelele nazo, mtoto aliye tumboni hawezi kuvalishwa viziba. Aliye salama anawe mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo zile zisikae na za watoto.

Kama baada ya yote haya bado unataka afungue sanduku aikute bastola yenyewe, sikukatazi, lakini fanya hivi. Usimpe mbele ya wageni. Usimpe kwenye siku ya kuzaliwa iliyojaa watoto. Mtu akifungua kisanduku akakuta bastola, kidole kinakwenda kwenye triga chenyewe, nimekiona cha mke wangu kikienda, na mdomo ulikuwa unaangalia goti langu. Ilikuwa tupu. Ipeleke ikiwa tupu, magazini imetolewa, na ule waya wa kufuli umepitishwa ndani na kufungwa. Kwa sheria iliyopitishwa 2005, muuzaji mwenye leseni lazima akupe kufuli au kifaa kama hicho kwa kila bastola, kwa hiyo usiseme hukuwa nacho. Risasi ziwe chumba kingine. Na kabla hajaishika mwambie yale manne: ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi; usiielekeze mahali usipotaka kupaharibu; kidole nje ya triga mpaka umelenga; ujue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Kuta za nyumba zetu hizi ni jasi na mbao. Risasi ya chumbani inafika kwa watoto, na inafika kwa jirani.

Na msije mkaifungasha kwenda nayo likizo. Tanzania silaha ina sheria yake ya 2015 na Kenya ina bodi yake ya leseni. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa begi inaweza kukulaza rumande badala ya kwa mama yako.

Sefu niliifunga kwa boliti nne kwenye sakafu ya kabati la chumbani, upande wake yeye wa kitanda. Texas ni kosa la jinai mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bunduki yenye risasi uliyoiacha ovyo bila kuifungia, lakini sisi hatukufanya kwa kuogopa kosa. Mdogo wetu ana miaka 6, na anajua kilipo kila kitu cha nyumba hii, hata pipi nilizoficha juu ya friji. Namba ya siri alichagua mama yake. Si tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote, maana mkubwa, mwenye miaka 11, alizijaribu zote siku ya kwanza nilipompa sefu ikiwa tupu nikamwambia ifungue. Alikaa nayo sebuleni saa nzima, akajaribu na ya nyanya yake wa Tanga, akashindwa, akaniletea.